Fungu la Mashua

Mwalimu hakupenda salamu. Naanzia hapo kwa sababu ndipo tulipojikwaa, na kwa sababu huku kwetu ziwani mtu asiyependa salamu ni kioja cha kusimuliwa. Ukimwambia, "Habari ya asubuhi, Mwalimu," alijibu, "Sema." Ukiongeza habari ya nyumbani alijibu, "Wapo. Sema." Mwanamke huyu alikuwa amefundisha hesabu sekondari miaka mingi kabla sijamjua, na nadhani kengele za shule zilimharibu. Kila mazungumzo aliyaona kama kipindi kinachokaribia kwisha.

Mimi nilikuwa muuzaji wake. Kadi yangu ilisema Meneja wa Ukuaji, maneno niliyojichagulia mwenyewe, nikayachapisha kwa pesa zangu mwenyewe, kwa wino wa rangi ya dhahabu. Nilipompa moja aliisoma mbele, akaigeuza akatazama nyuma, ambako hapakuwa na kitu.

"Ukuaji wa nini?"

"Wa biashara, Mwalimu."

"Sawa, Meneja."

Tangu siku hiyo hakuniita jina langu tena. Idara yangu ilikuwa na mtu mmoja, meza moja, na kiti chenye mguu mfupi niliokuwa nikiuwekea kadi zangu chini ili kisiyumbe. Kwa kazi hiyo kadi zilifaa sana.

Ofisi ilikuwa ghorofani, mjini Migori, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka na jengo alikuwa mzee Mwislamu aliyehamia huku kutoka Pwani, nasi tulimwita Mzee wa Saruji. Alipanda ngazi kila Ijumaa baada ya sala kutujulia hali, kwa Kiswahili kilichonifanya nikionee aibu changu. Yeye peke yake ndiye aliyeweza kumlazimisha Mwalimu kuitikia salamu mpaka mwisho. Mwalimu aliitikia huku akiangalia saa ya ukutani.

Tulichouza kiliitwa Anua. Kina mama wa ufukweni huanika omena, dagaa wa ziwani, juu ya nyavu kuukuu tangu asubuhi, na omena ikinyeshewa haina mnunuzi tena ila wa chakula cha kuku, kwa bei ya kukutukana. Anua ilikuwa programu ya kompyuta iliyojifunza mawingu, upepo na mvua za miaka iliyopita, kisha ikawatumia wateja ujumbe kwenye simu: leo anika, au, saa nane anua. Mwalimu aliitengeneza yeye mwenyewe na vijana wawili aliowafundisha zamani. Ilifanya kazi vizuri kuliko nilivyostahili, maana mimi nilikuwa nikiitangaza kama mganga anayetangaza dawa ya mapenzi.

Yeye mwenyewe hakuiamini hata kidogo. Alitembea na mwavuli mweusi mwaka mzima, jua liwake lisiwake. Siku moja nilimwambia kwa utani, "Mwalimu, mashine yako imesema leo hakuna mvua."

"Mashine haitanyeshewa," akasema, akauchukua mwavuli akaenda zake.

Na simu yake ilikuwa kabambe, ile ndogo ya vitufe, imefungwa kwa mpira wa kufungia noti mgongoni. Mtu aliyekesha na kompyuta zilizojifunza kama watu, simu yake haikuweza hata kupiga picha. Wageni walipomwomba namba ya kumtumia picha, aliwaelekeza kwangu. Nilijiona mtu muhimu sana.

Sasa, Anua haikuwa kazi. Hili nilichelewa kulielewa. Anua ilikuwa kibarua. Kazi yenyewe ilikaa pembeni ya ofisi chini ya shuka la maua, kompyuta kubwa iliyochemka mpaka tukawa tunaifungulia dirisha, na jina lake lilikuwa Sikio. Mwalimu alitaka siku moja mtu aongee na Sikio kwa Kijaluo, kwa mdomo, vile watu wanavyoongea kweli, wakikatana maneno na kukohoa na kurudi nyuma, naye aeleweke na ajibiwe.

Sababu ilikuwa mama yake. Mama huyo aliishi Karungu na sisi sote tulimwita Dani, yaani nyanya. Alikuwa muanika omena tangu ujana wake, na hakujua kusoma. Ujumbe wa Anua ulilia kwenye simu yake, naye akangoja wajukuu watoke shule wamsomee. Ujumbe wa kuanua saa nane ulisomwa saa kumi na moja, omena imeshaoga. Nilimshauri Mwalimu, kwa hekima yangu yote ya diploma, amtumie sauti iliyorekodiwa. Kumbe alishajaribu. Dani alikuwa ameisikiliza ile sauti kwa adabu, kisha akaiuliza, na kesho je? Sauti ikakata simu.

"Mama hataki kuambiwa," Mwalimu alisema. "Anataka kuuliza. Nimetengeneza kitu mama yangu mzazi hawezi kukitumia." Hakulirudia tena. Lakini Dani alikuwa amezeeka, kikohozi kilimwandama kila msimu wa baridi, na sote tulijua Mwalimu alikuwa akishindana na nini.

Nani angelipia kitu kama hicho? Wafadhili aliowaandikia walitaka kuona mtoto akitembea kabla mimba haijaingia. Makampuni yalimwambia watu wanaoongea lugha hiyo si soko. Basi Anua ilipe. Na namna Anua ilivyolipa ndiyo iliyonipandisha presha kwa miaka yote niliyofanya kazi pale.

Mnajua ufukweni samaki wakiuzwa mapato hugawanywa vipi. Wavuvi wana fungu lao, mwenye wavu ana lake, na mashua nayo ina fungu lake, ingawa haina mdomo. Fungu hilo ni la mbao na lami na misumari ya siku zijazo. Basi Mwalimu aliuleta mgao huo ofisini. Pesa za Anua zikiingia, kabla ya kodi ya Mzee wa Saruji, kabla ya mishahara, alitoa kwanza fungu la Sikio. Lilinunua umeme, vipuri, na soda za watu waliokuja kukaa mbele ya kinasa sauti na kuongea. Hakuna mwezi aliolipunguza. Mwezi ambao biashara ilikuwa mbaya, fungu lililopungua lilikuwa langu.

"Mwalimu," nilimwambia siku moja, "mashua haina tumbo. Mimi ninalo."

"Wewe utakula leo ushibe," alisema. "Kesho utapanda nini?"

"Lakini ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Yako au ya mashua?"

Nilitoka nje nikaenda kumlalamikia Mzee wa Saruji. Alinisikiliza, akanipimia chai kutoka kwenye chupa yake, akasema mchumia juani hulia kivulini. Nikamwambia shida ni kwamba mimi ndiye niko juani na Sikio ndiye yuko kivulini, tena na feni. Mzee alicheka mpaka akafuta macho, lakini hakunisaidia.

Kuna mambo ambayo sikuyajua, nami nilijidai nayajua yote. Mwezi wangu wa kwanza niliwatumia wateja wote ujumbe wa kulipa mwisho wa mwezi, kama nilivyofundishwa chuoni. Hakulipa hata mmoja. Nikawatumia tena kwa ukali. Wakajiondoa, ufuo baada ya ufuo, kuanzia Karungu mpaka Muhuru Bay. Nikamwandikia Mwalimu taarifa ndefu kwamba soko limekufa na Anua imeshindwa. Aliisoma amesimama, akanivuta mpaka dirishani. Ilikuwa jioni na mwezi ulikuwa ukichomoza juu ya mabati ya soko, mviringo kama sahani.

"Wewe umezaliwa wapi, Meneja?"

"Homa Bay."

"Ufukweni?"

"Karibu na ufukwe."

"Omena inavuliwa na taa, gizani. Mwezi kama huu taa ya nani itaonekana? Watu wamelala, nyavu zimekauka, na wewe unawadai." Akanirudishia taarifa yangu. "Mtoto wa ziwa."

Kuanzia hapo tulitoza giza likiingia, na mwezi ukiwaka hatukumdai mtu. Na hiyo mbalamwezi ndiyo Mwalimu aliyoipenda zaidi. Siku hizo za mwanga wateja hawakuwa na la kuanika, Anua haikuwa na la kusema, basi ofisi nzima ilimgeukia Sikio. Vijana wake wawili walifurahi. Mimi nilikalishwa na vifaa vya kusikilizia masikioni, nisikilize wazee wa Muhuru wakieleza habari za nyavu na magoti yao, niandike kila neno, niweke alama panapoanza na panapoisha. Meneja wa Ukuaji, siku nzima, kikohozi kwa kikohozi.

Nilimtoroka mara moja. Mwezi ulikuwa mkubwa, nikasingizia soko jipya, nikavuka maji mpaka kisiwa cha Takawiri kuiuza Anua kwa mwenye nyumba za wageni. Nilidhani mtalii naye huanikwa. Yule bwana alifurahi sana, akanipa samaki, ila alitaka jambo moja: programu isiseme kamwe kwamba kuna mvua, itawafukuza wageni. Nikakubali. Niliporudi na habari njema, Mwalimu aliniuliza, "Umeuza programu ya mvua ambayo haina mvua?" Nikasema ndiyo, na ni kazi rahisi, haihitaji hata kompyuta. Hakucheka. Vijana walicheka kwa wiki nzima.

Sitaki mdhani alikuwa mtakatifu. Subira yake yote aliimalizia kwa Sikio, sisi wengine tukabaki na makombo. Hakuweza kungoja chai ipoe, aliinywa ikiwa moto akailaani. Hakuweza kungoja ugali uive. Njiani alimlazimisha dereva wa teksi azime redio kwa sababu mtangazaji alizunguka sana kabla ya habari. Askari mmoja mnene alitusimamisha nje ya mji, akachungulia ndani, akavua kofia haraka. Alikuwa mwanafunzi wake. Mwalimu akamuuliza kama siku hizi anaweza kugawanya, na yule mtu mzima mwenye bunduki akasema, "Kidogo, Mwalimu." Tukaruhusiwa kupita.

Na haraka hiyo ndiyo iliyoingia mpaka ndani ya Sikio. Tuliposikiliza zile sauti, kila mzee alianza kwa kusalimu. Huku kwetu huwezi kuuliza jambo kabla hujauliza hali ya mtu, na ya watoto wake, na ya ng'ombe, na mvua ya upande wake. Mwalimu aliona hizo ni makapi. "Kateni salamu zote," alisema. "Anzeni panapoanza swali." Mimi nilikata kwa moyo mkunjufu, maana nilipunguziwa kazi nusu. Ofisi nzima ilikuwa ya Wajaluo, na sote tulikata salamu za wazee wetu kama mafuta kwenye nyama.

Siku ya majaribio tulikwenda Karungu, sote, tumevaa vizuri. Dani alikuwa ameketi kwenye kigoda pembeni ya omena yake. Mwalimu alimpa simu yangu, maana ya kwake haikuweza, akamwambia aulize chochote. Dani akaishika kwa mikono miwili, akakohoa, akasema, "Amosi, nyathina. Idhi nade?" Yaani nakusalimu mwanangu, unaendeleaje?

Sikio akajibu, kwa Kijaluo safi, kwamba mvua itanyesha saa tisa.

Dani akangoja. Labda hakusikika. Akasalimu tena, polepole, na kuongeza habari za watoto. Mvua itanyesha saa tisa, Sikio akasema. Mara ya tatu Dani aliinua simu akaitazama usoni, kisha akairudisha kwa binti yake.

"Huyu hakulelewa," alisema. Akafikiri kidogo. "Amefanana na mamake."

Mwalimu akanirudishia simu yangu. Mvua ilinyesha saa tisa kweli. Tulimsaidia Dani kuanua.

Ilibidi kuanza upya karibu kila kitu. Zile sauti zilikatwa na hazikurudi, na baadhi ya wazee waliozitoa walikuwa wamekwisha zikwa. Mwalimu alizunguka mwenyewe safari hii. Mbalamwezi baada ya mbalamwezi nilimwona, huyu huyu mwenye "Sema", amekaa kwenye viti vya watu Muhuru na Karungu akiuliza habari za mbuzi. Aliuliza vibaya, kama mtu anayesoma maswali ya mtihani. Mzee mmoja alimwambia mbuzi alikufa, naye akajibu, "Vizuri, na watoto?" Alikuwa akijifunza.

Wakati huo ndipo alipokuja mgeni kutoka Nairobi, kijana mwenye viatu vilivyong'aa na harufu nzuri. Alitaka kununua Anua yote, wateja na kila kitu, aieneze nchi nzima. Sharti lake ni moja, Sikio izimwe. Alisema kampuni kubwa za ng'ambo zitafanya hayo mambo ya lugha, hakuna haja ya kupoteza pesa Migori.

"Watafanya Kijaluo lini?" Mwalimu akauliza.

"Soko likikua."

"Mama yangu hana muda huo," alisema, akasimama. Kipindi kimekwisha.

Mimi nilimsindikiza mgeni mpaka garini, na kufika pale nilikuwa nimeshapata kazi kwake. Nilimwambia Mwalimu kwamba anakataa bahati, na kwamba mwanamke mmoja mzee hawezi kuwa mpango wa biashara. Alinitazama, akasema, "Sema vizuri huko, Meneja," na akaendelea kusikiliza sauti zake. Nairobi nilipewa kadi nyingine, nene zaidi. Ile kampuni haikuwa na fungu la mashua. Kila kilichoingia kilitafutiwa ukuaji zaidi, na mimi ndiye niliyekitafuta. Tulikua, tukakua, mpaka kampuni ikafungwa.

Siku hizi niko Homa Bay, nauza matangi ya maji. Sina kadi. Juzi nilipita Migori kumtafuta Mwalimu, nikakuta ghorofani kuna saluni. Mzee wa Saruji alinishika mkono kwa muda mrefu, akaniuliza watu wote wa kwetu mmoja mmoja, ndipo akasema, "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Akanieleza kwamba simu za kisasa zilianza kutoa habari za mvua bure, Anua ikabaki na wateja wachache waaminifu, na Mwalimu amehamishia kila kitu Karungu. Siku hizi kompyuta zake zinapanga na kuandika vijitabu vya ratiba za mazishi, na biashara hiyo, alhamdulillahi au vinginevyo, haikosi wateja. Fungu la kwanza bado ni la Sikio.

Nilifika Karungu mchana. Ilikuwa giza la mwezi, msimu wa kazi, na ufuo mzima ulimetameta kwa omena. Mwalimu alitoka mlangoni. Amekonda, nywele zimekuwa nyeupe, ule mwavuli uko mkononi.

"Habari ya safari?" alisema.

Nikajibu nzuri, nikangoja "Sema".

"Na Homa Bay? Mama hajambo? Goti lake lilipoa?"

Miaka yote ile sikujua kwamba alijua mama yangu ana goti.

Dani alikuwa kwenye kigoda chake, mdogo kuliko nilivyomwacha, blanketi mabegani ingawa kulikuwa na joto. Simu ilikuwa mikononi mwake, karibu na mdomo, maana sauti yake sasa ilikuwa nyembamba sana. Alisalimu. Sikio akamjibu kwamba yu mzima, akamuuliza yeye je, kikohozi kimemwacha alale? Dani akaanza kueleza. Alieleza kikohozi, akaeleza jirani aliyehama, akarudi kwenye kikohozi, na Sikio akafuata nyuma yake, akiuliza pale panapoulizwa na kunyamaza pale panaponyamaziwa. Mara moja alikosea, akaita mbuzi ng'ombe, na Dani akamrekebisha kwa upole kama anavyorekebishwa mtoto. Mwalimu alisimama nyuma ya mama yake bila kusogea. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na yangu pia, kwa nini nifiche.

Ile kabambe ikalia mfukoni mwake. Hata mimi nilijua ni nini. Ziwani kulikuwa na wingu limeshuka mpaka majini.

"Mwalimu," nilinong'ona, "Anua inasema anua."

Akanyoosha kidole, ninyamaze.

"Mwalimu, omena ya Dani."

"Iache," alisema. "Hilo leo ni fungu la mashua."

Lakini mimi ni mtu wa mauzo, siwezi kuona mali ikiharibika. Nilivua viatu nikakimbilia nyavu, nikaanza kuzoa kwa beseni, na mvua ikanikuta katikati. Kina mama wa jirani walikuwa wamemaliza kuanua, walinitazama kutoka chini ya mapaa yao wakishangaa ni mwendawazimu gani yule mwenye tai. Nilipogeuka, Mwalimu alikuwa amefungua mwavuli juu ya mama yake na simu, yeye mwenyewe mgongo wote umelowa. Na chini ya mwavuli, mvua ikipiga, nikamsikia Dani akifikia mwisho wa salamu na kuuliza swali lake.

Alimuuliza Sikio kama leo kutakuwa na mvua.

Sikio akasema ndiyo Dani, saa nane. Dani akamshukuru sana. Akasema mtoto huyu sasa amelelewa, akaniona pale nje na beseni langu, akamwambia binti yake jambo.

"Meneja," Mwalimu aliita. "Mama anasema umepita bila kusalimu."

Nikaja na beseni la chakula cha kuku mikononi, nikainama chini ya mwavuli, maji yakinichuruzika puani, nikamsalimu Dani. Kisha akanielekezea simu, nikamsalimu na mtoto.